Pima Maji Mwezi wa Oktoba

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo wilayani Karatu. Msemaji amefanya kazi ya maji vijijini kwa miaka mingi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya uhaba wa maji na mipango ya ardhi. Maneno hayo ni makubwa kidogo. Mimi nitayasema kwa udogo. Nataka tujue namna ya kuhesabu maji yetu kabla ya kugawana ekari. Hesabu zenyewe ni zile mlizojifunza darasani: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii, nilitumwa kwenye kijiji kimoja kilicho chini ya mteremko, upande wa Ziwa Eyasi. Kijiji sikitaji, maana waliopata hasara wengine wapo hai na sitaki kuwatonesha kidonda. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Masika yamekolea, kijito kimejaa, vyura wanalia usiku kucha. Nilipima maji yale kwa siku mbili. Kisha nikasimama mbele ya watu, kama ninavyosimama hapa, nikasema: "Maji yapo. Limeni."

Wakaniamini. Walichimba mfereji kwa mikono yao. Waligawana ekari. Wengine walikopa fedha za mbegu na dawa. Mwezi wa Mei wakasia vitalu vya vitunguu, Julai wakahamishia shambani. Vitunguu vilikubali vizuri sana. Septemba maji yakaanza kupungua. Oktoba, wakati vitunguu vinataka kujaza, mfereji ulikuwa vumbi kuanzia katikati mpaka mwisho. Watu wa juu walivuna. Watu wa chini walipoteza kila kitu. Watoto wawili wa baba mmoja walipigana usiku kwenye banio, kila mmoja anataka kuelekeza maji kwake, na mmoja alijeruhiwa mkono kwa jembe.

Niliporudi, mama mmoja aliniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, yale maji uliyotupimia yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Maji niliyoyapima yalikuwa ya Aprili. Mimea, ng'ombe na watu wao walikuwa wanayataka ya Oktoba.

Maji yetu yanatoka wapi

Tazameni kule juu. Milima ile ya Ngorongoro na Oldeani ndiyo tangi letu. Zamani ilikuwa milima ya moto. Mawe yake na udongo wake hunywa mvua. Juu yake upo msitu mkubwa, Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ambao uko ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959. Msitu ule hupokea mvua, na pia hukamata ukungu. Ukipita huko asubuhi utaona miti inadondosha maji hata kama mvua haijanyesha. Maji yale huingia ardhini polepole, husafiri chini ya miguu yetu, kisha hutokea tena penye mabonde kama chemchemi.

Chemchemi za Qangded kule Mang'ola ni za namna hiyo. Mvua ya Mang'ola ni kidogo sana. Mtu mgeni akifika pale hushangaa: nchi kavu, miiba, vumbi, na katikati yake mashamba ya vitunguu ya kijani kibichi. Mvua ilinyesha milimani, na mavuno yanatoka bondeni. Kwa hiyo mtu wa Mang'ola anayekula kwa kitunguu anakula pia kwa msitu ambao pengine hajawahi kuukanyaga.

Jambo jingine, maji ya Karatu hayaendi baharini. Ya upande mmoja huteremkia Eyasi, na ya upande mwingine huteremkia Manyara. Huko hukaa mpaka jua liyakaushe, na chumvi na magadi hubaki. Ndiyo sababu sisi tumo katika Bonde la Kati, ambalo ofisi yake ya maji iko Singida. Wenzetu wa Pangani au Rufiji maji yao hufika bahari ya Hindi. Yetu ni kama maji yaliyomo katika bakuli. Tukilitumia bakuli vibaya hapa juu, hakuna mto mwingine unaoingia huko chini kulijazia.

Na watu wanaongezeka. Katika sensa ya mwaka 2002 wilaya yetu ilikuwa na watu zaidi ya 178,000. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 230,000. Mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Habari ya Engaruka

Msidhani shida hii imeanza na sisi. Upande wa pili wa milima hii, wilaya ya Monduli, pako mahali panapoitwa Engaruka. Pale kuna magofu ya mashamba ya kale. Kuna kuta za mawe na mifereji ya mawe iliyopangwa kwa ustadi, imeenea karibu hekta 2,000, yaani kama ekari 5,000. Wakulima wale waliishi pale kwa miaka mamia, kisha katika karne ya 18 walikuwa wameshaondoka.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu wanabishana bado. Lakini jambo moja linaonekana kwa macho. Mifereji yao ilichukua maji katika vijito kadhaa vinavyoshuka kutoka milimani. Leo mto mmoja tu, Engaruka wenyewe, ndio unaotiririka mwaka mzima. Vile vingine ni makorongo ya kupitisha maji ya mvua tu. Mifereji imebaki, maji hayapo.

Mimi nimeyaona yale mawe. Nilikaa kwenye kivuli nikawaza: watu hawa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walijua kujenga kuliko sisi wengi. Kujua kujenga mfereji ni kazi moja, na kujua maji yatakayopita humo miaka yote ni kazi nyingine.

Ndoo na saa

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Unahitaji ndoo ya lita 20, saa yenye sekunde (ya simu inafaa), na daftari. Wengi wenu mnavyo nyumbani.

Nenda kwenye chemchemi yenu. Kusanya maji yote yapite kwenye bomba moja, au kipande cha bati kilichokunjwa. Weka ndoo. Hesabu sekunde mpaka ijae. Fanya mara tatu, maana mara ya kwanza mkono hutetemeka na watoto hupiga kelele. Andika.

Tuchukue mfano. Tuseme mwezi wa Aprili ndoo imejaa kwa sekunde 8. Gawanya 20 kwa 8. Unapata lita mbili na nusu kila sekunde. Kwa dakika moja ni lita 150. Kwa saa moja ni lita 9,000. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni lita 216,000.

Je, hayo ni mengi? Inategemea nani anayekunywa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na asiende zaidi ya mita 400 kuyafuata. (Najua mnacheka. Wapo akina mama hapa ambao punda wao wanaijua njia ya maji kuliko njia ya nyumbani.) Gawanya 216,000 kwa 25. Unapata watu 8,640. Kijiji kizima na jirani zake.

Sasa mpe kitunguu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Shamba la mboga wakati wa jua kali hutaka kama milimita 5 kwa siku. Zidisha 5 kwa 4,000. Ni lita 20,000 kwa ekari moja, kwa siku moja. Na mfereji wa udongo huvujisha. Mara nyingi nusu ya maji hupotea njiani, yananywewa na mchanga na mashimo ya panya. Kwa hiyo ili ekari moja ipate lita 20,000, inabidi uachie lita 40,000 kule juu kwenye banio.

Gawanya 216,000 kwa 40,000. Ni ekari tano na kidogo.

Hebu rudieni hapo kidogo, maana hapo ndipo watu wengi hushtuka. Chemchemi inayotosha watu 8,640 inatosha ekari tano tu za vitunguu. Mtu akisema, "Niachieni maji ya ekari moja tu, ni kidogo," ameomba maji ya watu 1,600. Simkatazi kulima. Vitunguu vimejenga nyumba nyingi za bati na vimesomesha watoto. Nasema tujue ameomba nini.

Hiyo ilikuwa Aprili. Twende Oktoba. Chemchemi ile ile, ndoo ile ile, sasa inajaa kwa sekunde 40. Fanyeni wenyewe. Nusu lita kwa sekunde. Kwa siku ni lita 43,200.

Kijiji kina watu 1,000. Zidisha kwa 25, ni lita 25,000. Kina ng'ombe 400. Ng'ombe mmoja tumpe lita 30 kwa siku, ni 12,000. Kina mbuzi na kondoo 600, kila mmoja lita 5, ni 3,000. Jumlisha: lita 40,000. Toa katika 43,200. Inabaki lita 3,200. Hiyo haifikishi hata robo ya robo ya kunywesha shamba la ekari mbili. Kwa kweli hailimi kitu, labda bustani ya mchicha ya shule.

Na hapo bado sijawahesabu wageni wa kiangazi. Wafugaji hushuka na kupanda na mifugo yao wakati wa ukame. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi sana Longido, Monduli na Ngorongoro, na watu walihama na mifugo kutafuta maji na majani. Mwaka 2021 na 2022 ukame ukarudi kaskazini yetu. Wadatoga wana haki ya kunywesha. Wahadzabe wa bonde la Eyasi walikuwapo kabla ya sisi wote, na chemchemi kwao ni maisha. Daftari la kijiji huwa halina majina yao. Chemchemi huwanywesha pamoja na wenye majina. Basi wekeni mstari wao katika hesabu, la sivyo mtawahesabu kwa fimbo.

Wapo wataalamu wanaopima kwa namna nyingine. Bibi mmoja wa Sweden, Malin Falkenmark, alitoa kipimo ambacho dunia nzima hukitumia: nchi ikiwa na chini ya mita za ujazo 1,700 za maji kwa mtu mmoja kwa mwaka, imeanza kubanwa, ikiwa chini ya 1,000, ina uhaba. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50. Kipimo hicho ni kizuri kwa nchi. Kwa kijiji hakitoshi, maana huchanganya Aprili na Oktoba, huchanganya Oldeani na Mang'ola, kisha husema wastani. Mke wako hachoti wastani.

Kwenye mfereji ndoo haitoshi. Hapo tumia kijiti. Tafuta mahali mfereji umenyooka. Pima mita 10 kwa kamba, weka alama mbili. Tupa kijiti kikavu kielee, hesabu sekunde toka alama mpaka alama. Tuseme sekunde 25. Kila sekunde kijiti kinakwenda sentimita 40. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo punguza, chukua sentimita 32. Mfereji una upana wa mita moja na kina cha sentimita 20. Zidisha upana, kina na mwendo: utapata kama lita 64 kwa sekunde. Mkikwama kwenye desimali, mleteni mtoto wa darasa la saba, si aibu. Jambo kubwa ni kupima mahali pale pale kila mwezi na kuandika.

Kwa wanaotumia visima, funga jiwe kwenye kamba, shusha mpaka liguse maji, pima urefu wa kamba. Kamba ikizidi kurefuka mwaka hadi mwaka, kisima kinakuambia kitu.

Hesabu na ardhi

Sasa ardhi inaingiaje? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wa kukubali au kukataa. Mara nyingi mpango huanza na ramani: hapa makazi, hapa malisho, hapa kilimo cha kumwagilia. Watu hugombania rangi za ramani, na hakuna anayeuliza kama ile rangi ya bluu ina maji. Nawaomba daftari la maji litangulie, ramani ifuate. Daftari likisema Oktoba ina maji ya ekari 30, ramani isiandike 80. Hao wengine 50 walime mbaazi na ngwara, ambazo hustahimili ukavu, au walime vitunguu kwa zamu, mwaka huu kitongoji hiki, mwaka ujao kile.

Katika kijiji kile nilichokikosesha, ndivyo walivyofanya baadaye. Haikuwa rahisi. Waliokuwa juu ya mfereji hawakutaka kupunguziwa hata hatua moja. Mkutano ulivunjika mara mbili. Mara ya tatu mzee mmoja wa juu alikwenda mwenyewe na ndoo Oktoba, akapima mbele ya watu, akarudi kimya. Kisha akasema ekari zake mbili za mwisho zibaki bila maji kiangazi. Wengine waliona haya, wakafuata. Si wote. Wawili waliendelea kuiba maji usiku, na mpaka leo nasikia mmoja bado anaiba.

Yapo mambo machache ambayo yanaongeza maji bila kuchimba. La kwanza ni tangi. Chemchemi haijui kulala. Ile ya lita 43,200, watu wakichota mchana tu, nusu yake hupita usiku bure, lita 21,600. Birika la saruji la kiasi hicho ni kama kupata chemchemi ya pili. Ng'ombe wajengewe birika lao kando, wasikanyage jicho la maji.

La pili ni mlima wenyewe. Mvua ikipiga shamba tupu la mteremko hukimbia, hubeba udongo, hufanya korongo. Mvua ile ile ikikutana na makinga maji na majani huingia ardhini na kurudi kwako Oktoba. Wazee wa Kiiraqw kule Kainam walilijua hili muda mrefu. Walikuwa wakitia samadi, wakilima matuta na kuchimba mifereji ya kutolea maji, mpaka wageni wakaja kuwasoma. Wajukuu wao waliohamia Karatu walikuta ardhi pana na trekta, wakasahau kidogo. Naomba msikasirike, mimi nasema ninachokiona nikipita barabarani.

La tatu ni miti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe bila kulimwa wala kujengwa. Pale pawe na mikuyu na miti ya asili. Mkaratusi usipandwe hapo. Ni mti mzuri wa nguzo, lakini kwenye chemchemi ni mlevi.

Na mkiwa na mashine za kusukuma maji mtoni, kumbukeni kibali. Sheria Namba 11 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na inawaruhusu watumiaji wa maji waunde jumuiya yao. Jumuiya ikienda Bonde la Kati na daftari la miaka mitatu mkononi, husikilizwa vingine kuliko ikienda na malalamiko.

Mzee ameniuliza hapa, je, tukipima Oktoba tu, ule wingi wa Aprili tutaupoteza? Hapana, mzee wangu. Ya Aprili yapimeni pia, ni ya kujaza malambo na kulimia mazao ya muda mfupi. Ila msiahidiane ekari za kiangazi kwa maji ya masika.

Basi tumekubaliana hivi na mwenyekiti. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa moja asubuhi, tukutane kwenye chemchemi ya juu. Kila kitongoji kilete ndoo moja ya lita 20 isiyovuja, na mtu mmoja mwenye saa. Daftari nitaleta mimi. Akina mama watatu wanaochota pale kila siku wawe ndio wasomaji wa saa, maana wao hawataandika sekunde za uongo. Tukitoka hapo tunashuka kwenye banio na kijiti. Mje mmekula, ni mwendo.